Na kesho atakuja nani?

Jumamosi ile tulikuwa Kisauni tunaosha masinia.

Ilikuwa arubaini ya mdogo wangu, mtoto wa mamangu mdogo, uzazi wake wa kwanza. Watu washakula washashiba, pilau imebaki ukoko, udi unanukia mpaka kwenye ngazi, na mimi na mashangazi tumekaa uani povu mpaka viwikoni tunaharakisha kabla maji ya tangi hayajaisha. Nje tuktuk ishafika, dereva anapiga honi. Nikajifuta mikono kwa leso nikaingia ndani kumuaga.

Nikamkuta amekaa kitandani peke yake, mtoto kifuani. Hina imemkolea mpaka imekuwa nyeusi, dera jipya, amependeza wallahi. Mtoto naye amepakwa wanja mpaka kwenye nyusi (hilo la wanja mimi silipendi, manake mengine yana madini ya risasi na mtoto hujifikicha macho kisha akatia kidole mdomoni, lakini siku ile haikuwa siku ya kugombana). Nikambusu, nikamwambia haya mami, sisi twaenda. Akanishika pembe ya leso. Hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu anachojua hatakiweza.

"Dada, na kesho atakuja nani?"

Nikamwambia, "Mungu yupo, mdogo wangu." Nikapanda tuktuk nikaondoka.

Sasa ni wiki ya tano na ile sauti haijanitoka. Nikiwa kazini naisikia, nikiwa kwenye feri naisikia, usiku nikimfunika wangu naisikia. Kwa sababu lile jibu nililompa ndilo nililopewa mimi, neno kwa neno, na mimi najua lilinifikisha wapi.

## Mamangu alipokunja godoro

Arubaini sina haja ya kuwaeleza, nyote mnazijua. Ntasema tu vile zilivyokuwa kwangu.

Mwanangu alizaliwa mwanzo wa Novemba. Mamangu akaja kutoka Takaungu na kikapu kimoja na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, akatandika godoro chini kando ya kitanda changu, akalala pale siku zote 40. Alfajiri nishaletewa uji wa pilipili manga kabla sijaamka vizuri. Maji ya kunikanda alikuwa anayapima kwa kiwiko chake, anatia kiwiko ndani ya karai, anangoja, anatia tena, kisha ndo anachovya kitambaa. Mkaja alikuwa anaufunga kwa magoti yake, yaani anapiga goti kitandani anavuta ile leso mpaka mimi naona nyota, halafu ananiuliza, "Wapumua?" Nikisema napumua, anavuta tena kidogo.

Sikuinua sufuria. Sikufua nepi hata moja. Mtoto akilia usiku yeye ndo anasikia mwanzo, anamtoa kwenye neti, anamtazama kama ni njaa au ni nepi au ni tumbo tu, na akiona ni njaa ndo ananiletea, ameshamfunga vizuri, kazi yangu ni kutoa ziwa.

Siku ya 41 alikunja lile godoro akalifunga kwa kipande cha leso, mume wangu akambebea kikapu mpaka ng'ambo akamtafutia matatu. Simlaumu hata kidogo. Ana nyumba yake, ana mbuzi, na babangu miguu ilikuwa ishaanza kumsumbua. Arubaini zake alizitimiza na zaidi.

Usiku ule mtoto alilia saa nane. Nikalala pale nasubiri mtu aamke.

Mtu mwenyewe nlikuwa mimi.

## Hospitali nayo yahesabu

Kitu kimoja kilinishtua nilipokuwa nasoma wiki hizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu mama aliyejifungua unasema aonekane ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita. Wiki sita. Piga hesabu, ni siku 42. Wazee wetu walisema 40, wataalamu Geneva wakasema 42, na wote wawili, bila kuulizana, wakakuacha karibu mahali pamoja.

Baada ya hapo kliniki ni ya mtoto. Sindano na matone wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha surua na rubela miezi 9, kisha tena miezi 18. Sisemi ni jambo dogo, mimi sijakosa hata moja na sitakosa, watoto wengi wa bibi zetu walikufa na surua na kifaduro. Nasema tu kwamba pale kwenye foleni, mtoto anavuliwa, anawekwa kwenye mizani, anapimwa urefu, anaandikwa, na mama kazi yake ni kushika taulo na kujibu maswali. Ananyonya? Ananyonya. Anapata choo? Anapata. Haya, mwezi ujao.

Wauguzi hawana makosa, foleni ilikuwa imefika getini na wao wawili. Lakini kitabu changu cha kliniki bado ninacho, na juzi nimekifungua nikakitazama. Kurasa za mama zina wino mpaka wiki ya sita. Baada ya hapo wino wote ni wa mtoto.

## Februari

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi 3 na mshahara wake, na baba wiki 2. Kwa hivo mwanzo wa Februari nikarudi kazini, mtoto ana miezi mitatu, kaskazi imeiva, joto lile mnalolijua wenyewe, ukutani kunatoka jasho.

Nlikuwa nimejipanga, nlidhani. Nimenunua pampu ya mkono, vikopo vyenye vifuniko, kindoo kidogo cha kutilia barafu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mwajiri atenge mahali mama anaweza kunyonyesha au kukamua maziwa. Kwetu walinionyesha stoo. Katoni za karatasi mpaka dari, mlango hauna kufuli, nkawa naegemeza kiti mlangoni na mgongo wangu kwenye kiti, nakamua huku nasikiliza nyayo. Na maziwa ukiwa na wasiwasi hayashuki vizuri, hilo hakuna aliyeniambia, nimelijua kwenye ile stoo.

Kila ukisoma wanakwambia maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 nje ya friji. Ukisoma vizuri utaona wanasema joto lisizidi nyuzi 25. Nyuzi 25, Mombasa, Februari! Kwa hivo ni barafu asubuhi, barafu mchana naomba kwa muuza soda, na jioni kwenye feri ya Likoni nakinyanyua kile kindoo juu ya vichwa vya watu kama nabeba mayai. Usiku mmoja stima ilipotea kutoka magharibi mpaka asubuhi. Nikaamka nikakuta vikopo vyote vya friza vimeyeyuka, vina joto kabisa. Vikopo vinne. Nikavimwaga kimoja kimoja kwenye sinki, na cha nne nikakishika muda mrefu kabla sijakigeuza.

Mchana mtoto alikuwa anakaa na mamamkwe wangu, anaishi mtaa wa pili tu. Siku moja nimerudi mapema nikamkuta barazani, mtoto mapajani, kikombe cha bati pembeni, kijiko mkononi. Maji.

"Mama, si nlikwambia daktari amesema asipewe maji mpaka miezi sita?"

"Mwanangu, hata kifaranga anakunywa maji. Joto hili, mtoto midomo imemkauka, na wewe hupo."

Na wewe hupo.

Nlimpandishia sauti. Mama wa watu, mama wa mume wangu, aliyemshika mwanangu masaa tisa kila siku bila kudai senti, nlimpandishia sauti mpaka jirani akafungua dirisha. Kwa sayansi nlikuwa na haki. Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji, hata kwenye joto letu yanamtosha mtoto chini ya miezi sita, na tumbo lake ni dogo, kila kijiko cha maji ni nafasi ya maziwa imeondoka, na maji yenyewe yakiwa ni ya mkokoteni hujui yametoka kisima gani. Yote hayo ni kweli na ntayasema tena hata leo.

Lakini sikuwa nimemwambia hayo. Nlikuwa nimemwambia "daktari amesema." Nlimpa amri nikampa mtoto nikashika njia. Hakuna aliyemuuliza yeye, mwanamke wa miaka 60 na zaidi, magoti yanamuuma, anashindaje na mtoto anayelia kwenye nyumba ya mabati saa nane mchana. Yeye naye alikuwa peke yake. Nimechukua mwaka mzima kuliona hilo.

Wiki hiyo mtoto aliharisha. Siku tatu za maji ya chumvichumvi yale ya pakiti, kijiko kwa kijiko katikati ya kunyonya, na zinki nusu kidonge kila siku kwa siku 10. Alipona, alhamdulillahi. Mamamkwe hakuniuliza kitu na mimi sikumlaumu tena, kuhara kuna milango mingi. Lakini tulikuwa tunapokezana mtoto mlangoni bila kutazamana.

## Mstari uliolala

Kuna ile grafu kwenye kitabu cha kliniki, mistari iliyopanda kama kilima, na muuguzi anatia nukta kila mwezi. Mwanangu alizaliwa na kilo 3.1. Miezi minne alikuwa 5.9. Kawaida mtoto akifika miezi mitano hivi uzito wa kuzaliwa unakuwa umejirudia mara mbili, kwa hivo nlikuwa naona tunaenda sawa.

Miezi mitano, 5.9.

Nukta mbili zimekaa sambamba, ile laini imelala chini kama imechoka. Ukitazama karibu utaona kalamu ilisita pale, kuna kidoa cha wino.

Mtaani habari ikafika kabla sijafika mimi. Jirani mmoja akaniambia, kwa upole kabisa, akinishika bega, kwamba mtoto huyu amebemendwa. Mnajua maana yake, mnajua vile inavyosemwa. Mimi na babake wakati ule tulikuwa hata salamu tunapeana kwa shida, tunalala kila mtu ameelekea ukuta wake, halafu naambiwa mtoto anakonda kwa sababu tumeshindwa kujizuia. Nliingia ndani nikafunga mlango nikakaa sakafuni.

Kilichokuwa kinatokea ni rahisi na hakuna aliyekiona, hata mimi. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotolewa. Mimi kwenye stoo nlikuwa nakamua mara moja badala ya tatu kwa sababu ya aibu ya ule mlango. Mchana sili, nasema ntakula jioni, jioni naona chakula kama udongo. Usiku mtoto akilala mimi silali, natazama dari. Siku zikawa zinafanana. Nkawa nasahau, natia chumvi mara mbili, nashuka kituo sicho.

Jioni moja ya mwezi wa Aprili, mvua inanyesha, niko kwenye feri nimeshika ile chuma ya pembeni, na wazo likanijia taratibu, halikuwa na fujo, likaniambia ikifika ng'ambo usishuke. Kaa tu humu humu. Irudi na wewe, iende na wewe, kule nyumbani watajua la kufanya. Na kweli nilirudi nayo mara mbili. Mara ya tatu nikashuka kwa sababu maziwa yalikuwa yamenivuja yakalowesha buibui, mwili ulikumbuka mtoto kabla ya kichwa.

Hili sijawahi kulisema popote. Mume wangu ataliona hapa.

## "Na wewe mama?"

Mwezi ule kliniki nlikutana na muuguzi mwingine, mwanamke mtu mzima, miwani imening'inia kwa kamba. Alitazama ile laini, akageuza kurasa nyuma, akageuza mbele. Halafu akafunga kitabu akakiweka mezani. Nlidhani sasa nagombezwa.

"Na wewe mama, jana ulilala saa ngapi?"

Sikuweza kujibu. Nlifungua mdomo kilio kikatoka, kile cha kelele, mtoto naye akashtuka akalia, na foleni yote inatazama. Yule mama akasimama, akamchukua mtoto akamtia begani, akafunga mlango na foleni iko nje. Akaniambia lia, watangoja.

Baadaye akaniuliza maswali 10. Ni maswali ya karatasi, yanaitwa kwa jina la mji wa Edinburgh kule Uskoti, yalitungwa na daktari John Cox na wenzake mwaka 1987, na hayaulizi mambo makubwa. Siku 7 zilizopita umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Umekosa usingizi kwa huzuni? La mwisho linauliza kama umefikiria kujidhuru. Pale nlijibu hapana, na nikajishangaa vile nilivyochelewa kulijibu.

Kati ya alama 30 nilipata 17. Akanielekeza kwa mshauri, nikaenda mara nne, na ndo nikaanza kutoka shimoni, polepole, si kwa siku moja.

Shirika la Afya Duniani linasema kati ya wanawake waliojifungua, kama asilimia 13 duniani hupata maradhi haya ya akili, hasa msongo mzito wa huzuni, na kwenye nchi kama zetu ni karibu asilimia 20. Mmoja kati ya watano. Ile sherehe ya Kisauni nlihesabu wanawake waliozaa waliokuwa pale uani tunaosha vyombo, tulikuwa kumi na moja. Sasa nani mwingine zaidi yangu? Shangazi gani kati ya wale alipita huku akanyamaza miaka 30?

Manake sisi hili jambo hata jina hatulipi. Tunasema ana mawazo. Tunasema mzazi kaachwa peke yake magharibi, kapitiwa na kitu. Wengine wataleta kombe, wengine ubani, na mimi sina ugomvi na dua, mamangu alinisomea na nilitulia. Ule unyonge wa siku za mwanzo, machozi yasiyo na sababu, huo wengi hupata na huisha wenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Huu mwingine unaweza kuingia mwezi wa tatu, wa tano, wa saba, wakati hina ishafutika na hakuna tena anayekutazama usoni. Hapo dua iende na hospitali pamoja.

## Nyumba ya bibi

Nimejiuliza sana wiki hizi kama nailaumu mila bure.

Kuna siku nliandika hapa aya nzima kwamba arubaini zinatudanganya, nikaifuta. Manake nlimpigia simu mamangu nikamuuliza, wewe mama ulipotoka arubaini zangu ni nani alikuja kesho yake? Akacheka akaniambia, "Aje nani, na wote walikuwa mumo humo?"

Nyumba ya bibi Takaungu ilikuwa na vyumba sita kwenye ukumbi mmoja. Mamangu akitoka uzazini alikuwa anatoka chumbani anaingia ukumbini, basi. Wifi zake wako jikoni, bibi yuko barazani anasuka ukili, kuna binti wa miaka kumi kazi yake ni kubeba mtoto. Siku 40 ulikuwa mwisho wa kukaa ndani tu. Watu waliendelea kuwepo kwa sababu hawakuwa na pa kwenda.

Sisi tunakaa Bombolulu, Mtopanga, Likoni, chumba kimoja na jiko, ghorofa ya tatu, mlango wa chuma. Ile nyumba imeondoka, tumebaki na sherehe yake. Na sherehe yenyewe inakua kila mwaka, leso za sare, maua, mpiga picha, keki. Mimi sikatai furaha, mwanamke aliyetoka kwenye kifo na uhai anastahili kupambwa. Lakini gharama ya siku ile ya Kisauni ingelipa dada wa kusaidia kazi miezi mitatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja hilo kwenye lile grupu la michango, hata mimi niliyeyaona. Mimi nlichanga, nikatuma na picha ya risiti.

## Miiba ya changu

Kwangu walikuja watu watatu, nawaandika kwa sababu nataka ijulikane msaada wenyewe ulikuwa mdogo kiasi gani.

Wa kwanza ni jirani wa chini, mama wa Kigiriama anayeuza mbaazi na mahamri. Nlimwambia ukweli, sijui kwa nini yeye, labda kwa sababu aliniona nimekaa kwenye ngazi na funguo mkononi siingii ndani. Akaanza kumchukua mtoto kila siku jioni, saa moja tu, anamfunga mgongoni anafagia naye, anapika naye. Saa moja. Mimi naoga, nakula nimekaa chini, basi. Sikuwa najua saa moja ina urefu gani.

Wa pili ni mume wangu. Likizo yake ya wiki mbili iliisha mamangu bado yupo ndani, hakuwahi kujifunza kitu, chumba kilikuwa cha wanawake. Kwa hivo alipobaki na sisi alikuwa kama mgeni, anauliza pampasi ziko wapi. Baada ya ile siku ya kliniki nlimpa mtoto na karai nikatoka nje. Akamuogesha, sabuni mpaka masikioni, mtoto analia na yeye jasho linamtoka. Siku ya tatu hakuna aliyelia. Mpaka leo kuogesha ni kazi yake, na anapima maji kwa kiwiko, sijui alimuona mamangu lini.

Wa tatu ni mamamkwe.

Miezi sita ilitimia mwanzo wa Mei, uzito ulikuwa umeanza kupanda tena. Nikaenda kwake na kitabu cha kliniki, nikakaa naye chini, nikamuonyesha ile grafu, hapa alilala, hapa ameamka. Nikamwambia sababu za maji, zote, kama nilivyopaswa kumwambia Februari. Nikamuomba radhi. Akanyamaza, halafu akasema, "Basi sasa si ataruhusiwa kula? Umpikie wewe au nimpikie mimi?"

Akampikia yeye. Malenge na samaki changu, tui jepesi, bila chumvi. Nlikaa nikamtazama. Ule mnofu wa samaki aliutandaza kwenye sahani nyeupe, akaupapasa kwa ncha za vidole, akatoa miiba. Akaugeuza, akaupapasa tena, akapata mmoja mwembamba kama unywele, akaunyanyua kwenye mwanga akauweka ukingoni. Mara ya tatu akafumba macho kabisa, vidole peke yake vinatafuta. Halafu ndo akauponda na malenge, akaonja, akampa mtoto kwenye ncha ya kijiko kile kile cha maji.

Mtoto akakunja uso, akatema nusu, akafungua mdomo tena.

Kuanzia hapo sikumpa tena amri. Namwambia jambo na sababu yake, naye ananiambia lake. Kwenye asali tulibishana siku mbili, yeye anataka kumlambisha akikohoa, mimi namwambia kabla ya mwaka mmoja asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyomlegeza mtoto misuli mpaka ashindwe kupumua. Akasema basi ntangoja mwaka. Na akangoja.

## Jumanne

Wiki ya pili baada ya ile arubaini nlimtumia mdogo wangu ujumbe, nikamuuliza unaendeleaje. Akajibu "niko sawa alhamdulillahi" na kimoyo. Mimi mwenyewe nliandika hivo hivo, na kimoyo hicho hicho, ule mwezi wa feri.

Nikaandika kwenye lile grupu la familia kwamba michango iliisha lakini zamu hazijaanza. Nikaomba kila mtu achukue siku moja, masaa mawili, asije na zawadi, aje na mikono. Watu saba wakajibu inshaallah. Waliokwenda mpaka sasa ni watatu. Nliumia, siwezi kuficha, lakini watatu ni Jumanne, Alhamisi na Jumapili.

Jumanne ni yangu. Ya kwanza nimefika saa kumi, nikamkuta amevaa dera lile lile la arubaini, lina doa la maziwa limekauka begani, mtoto analia na yeye anamtikisa huku anatazama ukuta. Sikumuuliza kitu. Nimenawa, nikamchukua mtoto, nikamwambia nenda kalale. Akasema nepi hazijafuliwa. Nikamwambia najua. Akasimama pale mlangoni muda, kama mtu aliyeambiwa avuke barabara na haamini gari zimesimama, halafu akaingia.

Nikambandika mtoto begani, nikamgongagonga mgongo mpaka akacheua. Nikaloweka nepi kwa mkono mmoja. Nepi 14. Karibu na magharibi mtoto akaanza kutafuta ziwa kwenye shingo yangu, na mimi nikatembea naye kutoka dirishani mpaka mlangoni, dirishani mpaka mlangoni, nampa dakika kumi zaidi mamake alale.

Alipoamka alikuwa na alama za mto shavuni. Akamchukua mwanawe, akamnyonyesha, mimi nikaanika. Wakati natoka hakunishika leso. Aliniuliza kama Jumanne ijayo nitakuja na ile karatasi ya maswali 10 niliyomwambia, na nikamwambia ninayo kwenye pochi, tunaweza kukaa hata sasa hivi.

Tukakaa. Feri nilipanda saa tatu usiku.